Mfupa Usio na Jina

Katika Visiga, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, makaburi ya zamani hayakuzungushiwa ukuta. Mengi yamo mashambani, chini ya mwembe au mkorosho, na alama yake ni jiwe, au mti uliopandwa kwa makusudi, au sahani iliyopasuka. Sasa mji umesogea, mashamba yakatwa viwanja, na mnunuzi mwenye busara huuliza kwanza kama pana kaburi. Jibu la muuzaji aghalabu ni jina. Husema hapa amelala babu fulani, pale bibi fulani. Na jina likisha kutajwa, bei hubadilika, mpaka hubadilika, na hata mahali pa kuchimba msingi huhama. Kaburi ambalo hapana awezaye kulitajia jina lina bahati mbaya. Mvua za masika mbili tatu hulisawazisha na ardhi, na trekta humaliza kazi.

Sheria ya nchi yautambua uzito wa jambo hili. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 yaruhusu kaburi kuondolewa ardhi itakiwapo kwa manufaa ya umma, lakini yataka mabaki yachukuliwe kwa heshima. Walakini iko sheria nyingine iliyoitangulia hiyo kwa miaka mitano, nayo ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Katika sheria hiyo mabaki ya binadamu yaliyogeuka mawe yamewekwa fungu moja na mabaki ya wanyama na mimea, na mlinzi wake si jamaa bali serikali. Basi mfupa wa mtu waweza kuwa marehemu mbele ya sheria moja, na kitu cha kale mbele ya sheria ya pili. Kati ya hali hizo mbili pana mpaka, na hapana aliyewahi kuuonyesha kwa kidole. Ni lini marehemu huacha kuwa marehemu akawa kitu?

Zamani swali hili lilikuwa la wanasheria na wachimbaji wa mambo ya kale. Elimu ya vinasaba imelitoa huko na kulileta uani kwa kila mtu, kwa sababu imeonyesha kuwa mifupa iliyodhaniwa kuwa haina mwenyewe ina jamaa, na jamaa hao wa hai.

Vinasaba, yaani DNA, ni maandishi ya urithi yaliyomo karibu katika kila chembe hai ya mwili. Mwili ukifa maandishi hayo huanza kukatika vipande vifupi. Maji, joto, tindikali ya udongo na vijidudu huyala kama mchwa ulavyo kitabu. Mahali pa baridi kazi hiyo ya mchwa huwa ya polepole sana. Svante Pääbo, mtaalamu wa Kiswidi, pamoja na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Leipzig, Ujerumani, walitumia miaka mingi kujifunza namna ya kukusanya vipande hivyo na kuvitenga na vinasaba vya watu walioushika mfupa kwa mikono yao. Mwaka 2010 walitangaza maandishi ya urithi ya Mtu wa Neanderthal, yule ambaye mifupa yake ilipatikana mwaka 1856 katika bonde la jina hilo nchini Ujerumani, na ambaye kizazi chake kilitoweka yapata miaka 40,000 iliyopita. Pääbo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Kwa muda mrefu Mtu wa Neanderthal alichorwa katika vitabu kama jirani mjinga aliyefukuzwa na wenye akili. Hesabu ya vinasaba ilileta habari nyingine. Kila mtu ambaye asili yake ya zamani ni nje ya Afrika amechukua yapata asilimia mbili ya urithi wake kutoka kwa jirani huyo. Mwaka 2020 ikaonekana kuwa Waafrika nao wanayo sehemu, ndogo zaidi, asilimia 0.3 hivi, iliyoletwa na watu waliotoka bara jingine wakarejea Afrika maelfu ya miaka iliyopita. Kwa hiyo jirani aliyefukuzwa alikuwa babu. Na urithi wa babu, kama wajuavyo watu wote waliowahi kugawana mirathi, si mali tupu. Mwaka huohuo wa 2020 ilitangazwa kuwa sehemu moja ya urithi wa Neanderthal humfanya aliye nayo apate ugonjwa wa Uviko kwa ukali zaidi. Ni ya kawaida katika Asia ya Kusini na karibu haipo Afrika. Warithi wamelipa deni la mtu ambaye hawakujua kuwa ni wao.

Lakini habari ya pango la Denisova, katika milima ya Altai huko Siberia, yapita hiyo kwa ajabu. Mwaka 2008 kilipatikana humo kipande cha mfupa wa kidole cha mwisho. Umbo lake halikusema neno. Mtaalamu wa mifupa, hata awe hodari namna gani, asingeweza kusema zaidi ya kuwa ni kidole cha mtu mdogo. Vinasaba ndivyo vilivyosema. Kwanza, mapema mwaka 2010, ilisomwa ile sehemu ya urithi ambayo mtoto huipata kwa mama peke yake, ikasema kuwa watu hawa walitengana na wengine yapata miaka milioni moja iliyopita. Kisha, mwishoni mwa mwaka uleule, ukasomwa urithi wa pande zote mbili, ukasema neno tofauti: ni ndugu wa karibu wa Neanderthal. Wataalamu walishangaa kuona ukoo wa mama ukisimulia hadithi moja na urithi mzima ukisimulia nyingine. Mzaramo asingeshangaa sana. Kwa desturi ya Wazaramo mtu huwa wa ukoo wa mama yake na huku akichukua jina la upande wa baba, na mzee aulizwapo asili yake hujua kuwa ana hadithi mbili za kusimulia, na kwamba zote mbili ni za kweli.

Watu wa Denisova, basi, walijulikana kuwa ni watu kabla hawajajulikana sura. Urithi wao ukaonekana katika miili ya watu wa Papua na wenyeji wa asili wa Australia, na kipande chake kimoja, kama ilivyotangazwa mwaka 2014, ndicho kiwasaidiacho Watibeti kuishi penye hewa haba katika milima yao. Muda wa miaka kumi na mitano walikuwa jamaa wa mamilioni ya watu bila ya kuwa na uso. Mwaka 2025 tu ndipo fuvu kubwa lililopatikana Harbin, Uchina, lilipotambuliwa kuwa ni lao, kwa vinasaba vilivyokutwa katika ukoga mgumu ulioshika jino.

Katika pango hilohilo kikaokotwa kipande kingine, cha mfupa mrefu, na habari yake ikatangazwa mwaka 2018. Mwenye mfupa alikuwa msichana aliyepita umri wa miaka kumi na mitatu, aliyeishi yapata miaka 90,000 iliyopita. Mama yake alikuwa Neanderthal. Baba yake alikuwa Mdenisova. Si mjukuu wala kitukuu wa mchanganyiko. Ni mtoto wa watu wawili hao, aliyebebwa na mmoja na pengine kufundishwa kutembea na mwingine. Msomaji akisoma habari hiyo hawezi tena kusema juu ya aina mbili za viumbe zilizotoweka kama asemavyo juu ya aina mbili za mawe. Pale palikuwa na nyumba. Palikuwa na wakwe, na huenda palikuwa na ugomvi juu ya mtoto ni wa nani. Visiga jibu lingepatikana upesi, kwani mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba wake angekuwa na neno kubwa katika mambo yake. Huko Altai jibu lilikufa pamoja na walioulizana.

Hapo ndipo swali la wajibu linapoanza kubana. Yuko atakayesema: maadamu ni damu moja, heshima ipasayo mababu yawapasa hao pia. Kauli hiyo ni njema lakini haisimami. Kama wajibu hupimwa kwa kadiri ya damu, basi asilimia mbili ya urithi ingedai asilimia mbili ya heshima, jambo la kuchekesha. Tena damu haina mwisho. Sokwe ana vinasaba vinavyofanana sana na vya binadamu, na hata mgomba una sehemu ya kufanana naye; undugu uliotandazwa hivyo hauwezi kumzuia mtu kula ndizi. Na upande wa pili, watu wa Pwani wajua wajibu mzito usiotokana na damu hata chembe. Mtani si ndugu. Lakini msibani mtani ana kazi zake na haki zake, na mambo ambayo mfiwa mwenyewe hawezi kuyatenda. Mazishi hayakuachiwa damu peke yake, na waliopanga hivyo walijua walitendalo.

Mwingine atasema kinyume chake: aliyekufa miaka elfu tisini iliyopita hana dai juu ya mtu yeyote, kwa sababu hapana aliyebaki wa kuumia. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, na wachimbaji wengi wameishi kwayo bila ya kuisema. Udhaifu wake ni kwamba yaweza kutumiwa mapema mno. Aliyebaki wa kuumia ni nani? Ni yule ajuaye kuwa marehemu ni wake. Mtu akiondolewa ujuzi huo, maumivu huondoka naye, na mfupa huwa huru kuchukuliwa. Kwa hoja hiyo njia ya kumdhulumu marehemu bila lawama ni kulipoteza jina lake kwanza.

Wala hilo si la kudhaniwa tu, kwani lilitendeka. Katika miaka ya utawala wa Wajerumani mafuvu ya watu yalikusanywa Afrika ya Mashariki na kupelekwa Berlin, mengi katika mkusanyo wa mtaalamu aitwaye Felix von Luschan. Yalipewa namba. Zaidi ya karne moja baadaye Shirika la Urithi wa Utamaduni wa Prussia, lililoyapokea, liliyachunguza zaidi ya 1,100. Mengi yalitoka Rwanda, na yapata mia mbili yalitoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwezi wa Septemba 2023 shirika hilo lilitangaza kuwa vinasaba vya mafuvu matatu vimelinganishwa na vya watu walio hai Tanzania na jamaa zao kupatikana. Moja lilikuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, yule mtawala aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Fuvu lililokuwa namba kwa muda wa miaka zaidi ya mia likawa, katika siku moja, babu wa watu. Halikubadilika hata punje. Kilichobadilika ni kuwa sasa pana mtu wa kulilia.

Ni haki kusema, basi, kuwa elimu hii yaenda njia mbili kwa wakati mmoja. Humgeuza marehemu kuwa kitu, kwa maana ili kusoma vinasaba vyake lazima mfupa utobolewe na unga wake uchukuliwe, aghalabu katika ule mfupa mgumu uzungukao sikio la ndani, na unga huo haurudi. Tena hukigeuza kitu kuwa marehemu, kama ilivyokuwa Berlin. Mwaka 2021 wataalamu zaidi ya 60 kutoka nchi 31 walikubaliana juu ya kanuni tano za kazi hii, na miongoni mwake ni kuwa mfupa udhuriwe kwa kadiri ndogo iwezekanavyo na kuwa watu wahusikao washirikishwe. Kanuni hizo ni njema. Lakini neno "wahusikao" limebeba mzigo mkubwa kuliko kamba yake. Kwa fuvu la Akida wahusika walipatikana. Kwa msichana wa Denisova mhusika ni nani? Au niseme nani asiyehusika, angeuliza mwenye kupenda mabishano.

Afrika ya Mashariki ina sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili, kwa kuwa huku hali ya jamaa waliotoweka ni tofauti. Joto limekula maandishi. Mwaka 2022 zilitangazwa habari za vinasaba vya watu wa kale kutoka Tanzania, Malawi na Zambia, na mapango ya Mlambalasi karibu na Iringa na Kisese huko Kondoa yakatajwa. Vya zamani kabisa vilikuwa vya yapata miaka 18,000. Kusini ya Sahara hapakuwa pamesomwa vya zamani kuliko hivyo, na hata hivyo wenye navyo ni binadamu wa aina hii ya leo. Bara ambalo binadamu ametokea halijatoa bado hata mfupa mmoja wa jamaa aliyetoweka ambao vinasaba vyake vyasomeka.

Yaliyopatikana ni nyayo tu, nazo zimo katika miili ya walio hai. Mwaka 2012 wataalamu walisoma urithi mzima wa Wahadzabe watano na Wasandawe watano wa Tanzania, pamoja na watu watano wa misitu ya Kameruni, wakaona vipande vilivyofanana na urithi wa jamii ya kale iliyotengana na kuchanganyika tena. Mwaka 2020 wengine waliona mambo ya namna hiyo Afrika ya Magharibi. Mfupa wa jamii hizo haujapatikana. Wako pia wanaokana, na kazi iliyotolewa mwaka 2023 yasema kuwa vipande hivyo vyaweza kuelezwa kwa matawi ya binadamu walewale yaliyoachana na kukutana tena mara nyingi, bila ya kumwita mgeni yeyote. Shauri halijakwisha.

Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliziita jamii hizo zisizo na mifupa kwa neno ambalo mtu angelifasiri upesi kuwa "mizuka." Tafsiri hiyo ifikiriwe mara mbili. Mzuka katika Kiswahili hana kwao. Hutokea, hutisha, hutoweka. Mzimu ni habari nyingine. Mzimu ni wa watu. Una mahali pake, una wanaoujua na wanaoupelekea tambiko, na huweza kuwakasirikia kwa kuwa ni wao. Kama iko jamii iliyoacha sehemu yake ndani ya miili ya Wasandawe na Wahadzabe, jamii hiyo si mzuka. Lugha ilikuwa na neno tayari, na tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti iliyokuwa ikitafutwa tangu mwanzo wa mjadala huu: si kama marehemu ana mfupa, wala kama ana damu ya kupimwa, bali kama yuko mtu aliyekubali kuwa huyu ni wake. Katika Visiga wako mababu ambao makaburi yao yamepotea kabisa, na majina yao bado hutajwa siku ya tambiko au ya hitima. Wao ni jina bila mfupa. Mdenisova wa kwanza alikuwa mfupa bila jina. Wa kale wa Wasandawe hawana mfupa wala jina, wana watoto.

Yuko mmoja ambaye hali yake ni kinyume cha hao wote. Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona katika bonde la Olduvai fuvu ambalo miaka yake yakadiriwa kuwa milioni 1.8 hivi. Louis Leakey alilipa jina la Zinjanthropus boisei: Zinj kwa ajili ya jina walilolitumia Waarabu wa kale kwa pwani hii, na boisei kwa ajili ya Charles Boise, aliyeufadhili utafiti. Baadaye wataalamu waliona kuwa kiumbe huyo hastahili jenasi ya peke yake, wakamhamishia katika Paranthropus. Hivyo katika jina la kitaalamu la jamaa huyu jina la nchi limefutwa na jina la mfadhili limebaki. Tangu mwaka 1965 fuvu lipo Dar es Salaam, katika Makumbusho ya Taifa. Vinasaba hana, wala hapana atumainiye kuvipata.

Lakini mwaka 2025 wataalamu walioongozwa na Palesa Madupe walitangaza kuwa katika meno manne ya binamu yake, Paranthropus robustus wa Swartkrans huko Afrika ya Kusini, ya miaka yapata milioni mbili, wamesoma protini za ganda gumu la jino. Wawili walikuwa wa kiume na wawili wa kike, na mmoja aliyedhaniwa kuwa wa kike kwa udogo wa jino lake akaonekana kuwa wa kiume. Meno ya Zinj ni makubwa mno, na ganda lake ni nene. Siku moja barua ya maombi itafika, ikitaka chembe ya jino hilo. Itapita Tume ya Sayansi na Teknolojia, itapita Idara ya Mambo ya Kale, na kila ofisi itauliza swali linaloihusu: faida ya elimu, usalama wa kitu, umiliki wa matokeo. Katika fomu za namna hiyo huwapo mahali pa kutia sahihi mwombaji, na mahali pa kutia sahihi mtoa kibali. Mahali pa jamaa wa marehemu hapajawekwa, na kama pangewekwa, kila mfanyakazi wa ofisi ile, pamoja na mfagizi na mlinzi wa lango, angekuwa na haki sawa ya kutia sahihi yake hapo.